Piga Ngazi, Dogo

Ngazi ile watu huiita ya Bramante, lakini Bramante mwenyewe hakuijenga. Yake ni nyingine, ya mwanzoni mwa karne ya 16, ambayo mtu aliweza kuipanda akiwa juu ya farasi. Hii wanayoigombania wenye kamera katika Makumbusho ya Vatikani ilichorwa na Giuseppe Momo, ikakamilika 1932. Ni njia mbili zilizosokotwa pamoja, ili anayepanda asipigane kikumbo na anayeshuka. Siku hizi kupanda hakuna. Tangu mlango mpya wa kuingilia ulipofunguliwa mwaka 2000, pale ni pa kutokea tu.

Mimi nilifika Roma 2025, na vijana wenzangu wa parokia, kuhiji Jubilei. Kaka yangu yuko huko, miaka tisa hajarudi nyumbani. Mama alinipa agizo moja: "Niletee sura yake."

Kaka alinipokea kwa bashasha, tiketi ya makumbusho akalipa yeye, ila kila nikiinua simu anageuka. "Piga ngazi, dogo. Mimi utanipiga siku nyingine." Nilimwelewa. Mashavu yamebonyea, na shati alilovaa lilikuwa la mtu mnene kuliko yeye. Mama angeyaona hayo yote kabla ya tabasamu.

Basi nikapiga ngazi. Kwa mnaopenda mambo ya picha: simama juu kabisa, tokeza simu uielekeze chini katikati ya shimo, na uikamate kwa mikono miwili, maana ikikuponyoka imekwenda hiyo. Flashi ya nini? Mwanga unashuka wenyewe kutoka paa la kioo, na ule ukingo wa shaba wa Antonio Maraini unajizungusha, duara ndani ya duara. Jamaa wengi husubiri watu wapite ngazi ibaki tupu. Kusema kweli, ikiwa tupu naona inafanana na kombe la konokono, basi. Mimi nilingoja watu.

Kaka alitangulia. Mizunguko miwili chini akasimama, akaegemea ukingo bila kutazama juu. Nikabonyeza. Uso haukutokea, mkono tu, wa kushoto, umelala juu ya shaba.

Nyumbani Mama hakuuliza habari za ngazi. Aliweka kidole penye ule mkono, akanituma miwani yake.