Wakati wa Kwenda na Mahali pa Kwenda

Igawa ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, mahali ambapo mto Mbarali huziacha nyanda za juu na kuingia katika bonde la Usangu. Mabasi yaendayo Mbeya husimama upande mmoja wa njia, na yale yaendayo Iringa na Dar es Salaam husimama upande wa pili. Mtoto alelewaye hapo hujua mapema kuwa dunia ina pande mbili za kwendea, na kuwa kila basi limeandikwa mbele jina la mahali liendako. Laiti mambo ya elimu yangekuwa wazi kiasi hicho!

Jioni moja ya mwezi wa Julai, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa na kutiwa katika magunia, watu wanne walikaa ukumbini katika nyumba moja ya mji huo: babu, baba, mama na binti yao. Mbele yao ilikuwapo barua. Ilitoka katika chuo kimoja cha mji wa Nanjing, nchini China. Binti alikuwa na umri wa miaka 22; alikwisha maliza mwaka wa pili wa masomo ya ualimu wa kemia na biolojia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, na mwaka mmoja tu ulisalia apate shahada. Barua ilimpa nafasi ya kuanza upya: mwaka mmoja wa kujifunza Kichina, kisha miaka minne ya uhandisi wa maji. Karo, malazi na posho vilikuwa juu ya serikali ya China. Nauli ilikuwa juu ya mzazi.

Si ajabu kuwa mtoto wa Igawa alitamani kuyajua maji. Mpunga wa Usangu huishi kwa mifereji, na mifereji huishi kwa mito ishukayo milimani. Maji yakipita mashambani huingia katika Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu hupita katika mbuga ya wanyama na kuyalisha mabwawa ya Mtera na Kidatu yatoayo umeme. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, jambo ambalo wazee hawakulizoea. Mkulima humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu mkulima, na wakazi wa mijini huwalaumu wote wawili taa zikizimika. Binti aliyasikia maneno hayo tangu utoto wake, na alipojaza karatasi za kuomba nafasi hakuwa akicheza.

Babu alikuwa wa kwanza kusema. Katika ujana wake alifanya kazi ya kibarua katika ujenzi wa reli ya Tazara, ulioanza mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1975, akawaona Wachina wakila chakula cha kambini na kuchimba udongo pamoja na vibarua wao. Baada ya hapo alikiona kikosi kingine cha Wachina kikilijenga shamba kubwa la mpunga la Mbarali. "Mjukuu wangu," alisema, "watu wale niliwaona kwa macho yangu. Hawakuja kutuhadithia kazi, walikuja kuifanya. Nenda." Kwa babu shauri lilikwisha, akaomba chai.

Baba hakusema neno la kukataa wala la kukubali. Alihesabu magunia. Nauli ya ndege, hati ya kusafiria, nguo za baridi. Kila kimoja alikigeuza kuwa mpunga, na kila alipogeuza alitazama ghala.

Mama ndiye aliyeuliza swali lililowanyamazisha wote. "Mwanangu, miaka hii miwili uliyoisoma Iringa utaiweka wapi?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, na wengi walioandika juu ya masomo ya ng'ambo hulipita mbio. Husemwa sana juu ya nchi ipi ni bora, chuo kipi kina sifa, baridi ni kali kiasi gani. Wakati wa kwenda hausemwi, kana kwamba mtu ni mzigo unaoweza kupakiwa siku yoyote. Walakini walioondoka katika Afrika Mashariki kwa ajili ya elimu waliondoka katika nyakati mbalimbali za umri wao, na tofauti hiyo ilionekana katika kazi zao.

Kwa kijana wa Tanganyika wa zamani hapakuwa na uchaguzi mkubwa. Nchi haikuwa na chuo kikuu hata mwezi wa Oktoba 1961, wanafunzi wachache wa sheria walipoanza kusoma katika jengo la TANU, Dar es Salaam. Kabla ya hapo aliyetaka elimu ya juu alipanda gari moshi mpaka Mwanza, akavuka ziwa kwa meli, akaenda Makerere. Hiyo nayo ilikuwa ng'ambo. Julius Nyerere alipita njia hiyo mwaka 1943, akarudi na stashahada ya ualimu, akafundisha Tabora miaka mitatu, na ndipo mwezi wa Aprili 1949 alipokwenda Edinburgh, akiwa mtu wa miaka 27. Alianza kwa masomo mafupi ya kemia na fizikia, lakini mwezi wa Oktoba mwaka huohuo alijiandikisha kwa shahada ya sanaa, akasoma historia, uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Kijana wa miaka 18 pengine angaliendelea na kemia kwa kuogopa kuwaudhi waliomlipia. Mwalimu aliyekwisha simama mbele ya darasa alijua alichokuwa akikitafuta. Alirudi mwaka 1952, na katika miaka miwili TANU ilizaliwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wapenzi wa Kiswahili. Euphrase Kezilahabi alipata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971 na mashairi ya Kichomi mwaka 1974. Shahada ya uzamili aliipata hapohapo Dar es Salaam kwa utafiti juu ya riwaya za Shaaban Robert. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilimpa udaktari mwaka 1985, wakati ambapo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili alikuwa amekwisha lijua jina lake. Alikwenda na mizigo yake mwenyewe ya mawazo. Na Shaaban Robert aliyechunguzwa hakupata kusoma chuo kikuu chochote, cha nyumbani wala cha ng'ambo. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila aingiaye ndegeni kwa majivuno.

Lakini haitakuwa haki kusema kwamba kukawia ndiko kwema daima. Mwezi wa Septemba 1959 ndege moja iliwachukua wanafunzi 81 wa Kenya kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Maofisa wa kikoloni walizibeza shahada za Marekani, na kama vijana wale wangalingoja mpaka serikali iridhike, uhuru ungaliwakuta bado wanangoja. Mwaka uliofuata aliondoka Wangari Maathai, msichana wa miaka 20, akaenda kusoma biolojia katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Kama angaliambiwa akae kwanza mpaka akomae, nani ajuaye angaliolewa wapi na kusahauliwa wapi? Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, nao haohao wakanena kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Walikuwa na akili ya kutuachia methali mbili.

Mahali nako kuna hesabu yake. Katika nchi nyingi mwaka wa kwanza huliwa na lugha: Urusi ina mwaka wake wa maandalizi, na China vilevile kwa wasomao kwa Kichina. Vyuo vingi vya serikali nchini Ujerumani havitozi karo, lakini mgeni hutakiwa kuonyesha fedha za kumtosha mwaka mzima zilizowekwa benki. Mwaka 2024 zilifikia euro 11,904, mali ambayo mkulima wa Usangu huisikia kama ngano. Na shahada irudipo nyumbani hupimwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kabla ya kutambuliwa, hivyo jina la chuo linalong'aa katika matangazo halitoshi. Tena nchi hugeuka. Wanafunzi waliokwenda China walijikuta mwaka 2020 wamefungiwa mabwenini kwa maradhi ya Uviko, na waliokuwa likizoni nyumbani hawakuruhusiwa kurudi kwa muda mrefu, wakasoma uhandisi na udaktari kwa njia ya simu. Waliokuwa Ukraine mwaka 2022 na waliokuwa Khartoum mwezi wa Aprili 2023 walikimbia mizinga. Hakuna hata mmoja wao aliyechagua vibaya kwa kukosa akili.

Haya yote binti wa Igawa alikuwa ameyasoma, au mengi yake. Lililomkwaza lilikuwa dogo na la karibu. Aliyekwisha timiza miaka 25 hapokelewi tena kwa ufadhili ule wa shahada ya kwanza. Kwa shahada ya uzamili mlango hubaki wazi mpaka miaka 35. Mlango mmoja ulikuwa ukifungwa polepole na mwingine ungekaa wazi miaka zaidi ya kumi, lakini ili kupita katika wa pili ilimpasa awe na shahada mkononi. Uhandisi wenyewe usingempokea kwa shahada ya ualimu. Hata hivyo, kemia ya maji ingempokea: chumvi iingiayo katika udongo wa mashamba, dawa za magugu zishukazo mtoni, maji wanayokunywa watu walioko chini ya mifereji. Tena ulikuwapo mkopo wa Bodi, ambao hulipwa hata kama masomo yalikatizwa njiani.

Usiku ule hapakuamuliwa neno. Kulipokucha alimsindikiza mama yake shambani kukusanya mabua, na huko, mbali na babu, alisema, "Mama, nikienda sasa nitakwenda kama mtu anayekimbia mtihani."

Mama aliendelea kufunga mzigo wake. "Na usipokwenda, utanilaumu?"

"Sijui, mama."

Jibu hili lilikuwa la kweli, na mama hakutaka jingine. Ni desturi kuwasifu watoto wenye uhakika. Aliye radhi kuchagua bila uhakika, na kulikiri jambo hilo mbele ya mzazi wake, si wa kudharauliwa.

Siku ya tatu aliandika kuomba nafasi yake isogezwe mbele mwaka mmoja. Alijibiwa upesi na kwa adabu kuwa nafasi haisogezwi. Ama afike Septemba, ama aombe tena pamoja na waombaji wengine. Akaandika barua ya pili ya kushukuru na kukataa. Baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka pamoja na hati ya kiwanja. Kama aliona nafuu kwa ajili ya magunia yake hakuionyesha; hata uso wake ulikuwa na huzuni kidogo, kwa maana alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi.

Babu alikasirika. Kwa siku mbili alipoamkiwa aliitika kwa Kisangu tu, na kwa mkato. Alikuwa na haki yake: maisha hayakumletea yeye barua kutoka Nanjing wala kutoka mahali pengine, na kwa macho yake mjukuu alikuwa ameutupa mtoni mfuko uliojaa. Hakuna aliyeweza kumthibitishia kuwa alikosea. Nafasi ya pili haikuahidiwa na mtu yeyote, na mwaka mmoja ni muda wa kutosha kwa baba kuugua, kwa mvua kukosa, au kwa serikali mbili kununiana.

Mwezi wa Oktoba binti alisimama kando ya barabara na sanduku lake, upande wa mabasi ya Iringa. Basi la kwenda Dar es Salaam na uwanja wa ndege lingesimama upande huohuo, na jirani mmoja aliyepita na baiskeli alimtakia heri ya China. Hakumsahihisha. Babu alikuja akitembea kwa fimbo, akaketi juu ya sanduku bila kuombwa, akauliza imesalia miezi mingapi hata mtihani wa mwisho. Aliambiwa kumi. Mzee akanyosha vidole vyake, akaanza kuhesabu kwa Kichina cha kambi ya reli, kimoja baada ya kimoja. Alipofika sita alikwama, akarudi mwanzo.