Injini ya Marehemu Baba, Pioneer

Tulifika Pioneer asubuhi, kwa baridi tusiyoizoea sisi watu wa Mombasa. Eldoret, ambayo wazee huiita Sisibo kwa ajili ya shamba nambari 64, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Uani kwa dada yetu ilingoja pikapu ya marehemu baba. Deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Basi fundi akaifungua injini tuuze vipuri. Alteneta na pampu ya maji vilikuwa vizima. Silinda hedi, yenye thamani kuliko vyote, ilipooshwa kwa petroli ilidhihirisha ufa mwembamba kama unywele. Mnunuzi hakuuona. Kaka yetu mkubwa akamwonyesha. Hedi ikauzwa kwa kilo, chuma chakavu. Jioni tulipanda basi la pwani na stata isiyopata mnunuzi, imefungwa kwa kanga ya dada; robo ya deni ingali shingoni mwetu.