Ruta na Vibao vya Saiprasi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mashine imefika na matatu ya asubuhi kutoka Nairobi, imefungwa kwa gunia. Ruta ya mkono, ile inayoshuka na kupanda juu ya springi mbili. Kijana ninayemfundisha kazi alitaka kuichomeka papo hapo. Nikamwambia kwanza tuifungue tuone. Koleti mbili za kushikia biti, ya milimita 12 na ya 8. Spana moja. Kitako kimenyooka, hakichezi.

Shida iko kwenye kopo la biti. Zimekusanyika kutoka kila duka la mji huu: nyingine zina mguu wa milimita 6, nyingine robo inchi, yaani 6.35, nyingine 12, nyingine nusu inchi, yaani 12.7. Kwa macho huzitofautishi. Hapo ndipo ujanja wa fundi wa haraka huanzia: mguu wa 6 unaingia kwenye koleti ya robo inchi, nati inakaza, mkono unasema imeshika. Mashine ikifika kasi yake biti inaanza kupanda au kushuka yenyewe, na mwisho inatoka.

Nimezipima zote kwa kalipa na kuzipaka rangi. Nyekundu ni inchi, buluu ni milimita. Mbili zilikuwa na mikwaruzo ya mviringo mguuni, dalili kwamba zimewahi kuteleza ndani ya koleti. Hizo nimezitumbukiza chooni, maana kwenye pipa la taka zingerudi mezani kabla ya Ijumaa.

Kazi inayotungoja: vibao vya kambi moja ya wageni upande wa Timau. Saiprasi ya inchi mbili, herufi za kuchimba, rangi nyeupe ndani.

Jumanne, 4 Machi

Leo hatujakata kitu. Tumefunga biti na kuifungua mpaka kijana akanuna.

Plagi nje ya ukuta, na iwekwe mezani mahali anayeshika spana anaiona. Swichi kuzimwa haitoshi. Koleti ipulizwe vumbi. Biti iingie mpaka mwisho, kisha irudishwe nje milimita mbili hivi, kwa sababu nati ikikazwa huivuta biti ndani kidogo. Ikiwa imeegemea chini, koleti haifungi sawasawa. Meno ya koleti yasishike pale mguu unapoanza kupanuka kuelekea kwenye makali. Na koleti tupu haikazwi kamwe, inaminyika na kuharibika.

Akauliza kwa nini kuna kitufe cha kasi chenye namba, si ni bora kuiweka juu kabisa? Nikachukua chaki. Biti ya upana wa milimita 12 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, ncha ya makali inakwenda karibu kilomita 54 kwa saa, juu kidogo ya kasi ambayo gari linaruhusiwa mjini. Biti ya milimita 50, mota ileile, mzunguko uleule: zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Aliirudia hesabu mwenyewe kwenye simu. Baada ya hapo hakuninunia tena.

Nimeandika ukutani: mpaka milimita 25, kasi 24,000, mpaka 50, isizidi 18,000, zaidi ya hapo, 12,000 na biti ikae mezani kwenye ruta ya kudumu, si mkononi. Hiyo ruta ya kudumu hatuna, kwa hiyo maana yake ni hapana.

Alhamisi, 6 Machi

Mwelekeo. Hili nililiogopa kulifundisha kuliko yote, kwa sababu ndilo linalovunja vidole, na halina kifuniko cha kulizuia. Msumeno wa meza una kinga yake, hata kama mafundi wetu huing'oa siku ya kwanza. Ruta ya mkono iko wazi chini. Mpangilio wa kazi ndio kinga.

Biti, ukiitazama kutoka juu, huzunguka kama mshale wa saa. Ubao ukiwa mbele yako, ukingo wa upande wako unakatwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiuzunguka ubao mzima kwa nje, unakwenda kinyume cha saa. Ukikata ndani ya tundu, kama la kioo, unakwenda na saa. Hapo biti inapambana na mbao, na wewe unasukuma. Ukigeuza, makali yanaanza kupanda juu ya mbao na mashine inakimbia yenyewe, ikikuvuta.

Kijana ni mzaliwa wa Likii, mtundu. Akauliza kama huo mwelekeo unabadilika tukivuka Ikweta kwenda upande wa Nyeri. Wale vijana wa beseni pale kwenye bango la Ikweta wamemharibu: wanamwaga maji hatua chache kaskazini yanazunguka hivi, hatua chache kusini yanazunguka vile, mzungu anatoa noti. Nikamwambia atazame mkono wa mwenye beseni jinsi anavyolijaza na kuligeuza, aache kutazama kijiti kinachoelea majini. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuamrisha maji ya beseni, sembuse mota. Alicheka, lakini sidhani aliamini yote. Ni mchezo mzuri, sikatai, na unalisha watu.

Mwinuko ndio unaotuhusu kweli. Tuko karibu mita 1,950, na mota nyingi hupimiwa uwezo kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Hewa nyepesi hupoza kidogo. Kwa hiyo tunachimba milimita tatu, tunarudi, tatu tena. Sauti ya mota ikishuka, umelazimisha.

Jumapili, 9 Machi

Stima ilipotea tangu alasiri ya jana, ikarudi leo nikitoka kanisani. Kwenye karakana jirani grinda iliyoachwa imewashwa iliruka mezani na kujizungusha sakafuni. Bahati hapakuwa na mtu. Ruta nayo ina kidude cha kufunga swichi ili kidole kipumzike. Nimeamua hakitumiki hapa. Stima ikienda, plagi inatoka kwanza, ndipo mtu aende kunywa chai.

Kelele: Kanuni za kelele kazini za 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane, na ruta ikiwa ndani ya mbao inaweza kupita hapo. Vijana wa mtaa huu huziba masikio kwa pamba, ambayo karibu haizuii kitu. Nitanunua vizuia kelele viwili vya kweli. Na barakoa nzuri, si kitambaa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kati ya visababishi vya saratani mwaka 1995, na saratani yenyewe ni ya pua. Jambo hili mafundi hawalipendi kulisikia, kwa kuwa vumbi la mbao lina harufu nzuri.

Jumatano, 12 Machi

Kibao cha kwanza. Mbao bado ina maji. Tangu marufuku ya kukata miti ya Februari 2018 tulizoea saiprasi changa za mashambani, na hata baada ya serikali kuondoa marufuku Julai 2023, mtu anauza ubao uliopasuliwa wiki iliyopita. Ukikata ubao wa namna hiyo, nyuzi zinasimama kama manyoya na utomvu unaganda kwenye makali. Tuliosha biti kwa mafuta ya taa, tukaifuta ikauka kabisa kabla ya kuirudisha, plagi ikiwa nje.

Ubao umeshikwa na klampu mbili, waya wa stima umepitishwa begani. Kwa mistari mirefu tuliweka rula ya mbao upande wa kushoto, kwa sababu ukisukuma kwenda mbele ruta huvutwa kushoto. Rula ikiwa kulia itakuacha. Kwenye jicho la mbao unapunguza mwendo bila kusimama, maana ukisimama panaungua.

Biti ya V inaweza kumaliza kona kwa kuinuliwa taratibu. Biti bapa haiwezi, inaacha kona ya mviringo, na pale kijana alichukua patasi bila kuambiwa. Wachongaji wa Lamu wangetucheka kwa kelele zote hizi, nao bado wanachimba kwa patasi na nyundo. Lakini wao hawaombwi vibao kumi na viwili kabla ya mvua.

Kingo za nje: tulianza na vichwa vya ubao, kisha pande ndefu, ili pale ncha zilipomeguka pakatwe na kutoweka.

Mama wa kambi amepiga simu, anataka "Karibu" iwe na herufi kubwa zaidi. Anataka biti ya milimita 60. Nimemwambia tutazichimba kwa 12, mara nyingi, na itachukua siku moja zaidi. Amekubali, ila bei isipande.

Kesho: spana ya pili, na hivyo vizuia kelele.