Radi Haikumnyoosha Mtu

Zamani mchezaji msumbufu dawa yake ilikuwa kuuawa. Si yeye mwenyewe, ni mhusika wake. Hiyo ndiyo desturi niliyoikuta Minneapolis mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa mwanafunzi na wenzangu wa bwenini wakanikaribisha kwenye Dungeons & Dragons, mchezo ambao hata jina lake sikuwahi kulisikia nilipokuwa Tanga. Kwa asiyeujua: mtu mmoja, msimulizi, anaeleza ulimwengu na yanayotokea humo, wengine kila mmoja ana mhusika wake, askari, mchawi, mwizi au kasisi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka dadu huamua. Hakuna mshindi, wala hakuna refa zaidi ya huyo msimulizi, ambaye naye ni rafiki yenu tu. Sasa fikiria watu sita, meza moja, jioni nzima, na mmoja wao hakaliki.

Msimulizi wetu alikuwa mtu mzima kutuzidi, mfanyakazi wa posta, na tegemeo lake lilikuwa Dungeon Masters Guide, kitabu alichokiandika Gary Gygax mwaka 1979. Kitabu hicho kina sehemu nzima kuhusu wachezaji wasumbufu. Gygax anashauri walioshindikana waondolewe, lakini kabla ya kufika huko anataja adhabu za ndani ya mchezo: dadu ya ziada ya kuita dubwana, irushwe hadharani kila mtu aione, radi ya buluu kutoka mbinguni impige mkosaji kichwani, au mhusika apunguziwe haiba yake, na isirudi tena. Nadhani aliandika nusu kwa mzaha. Bwana posta hakuuona mzaha huo.

Tulikuwa na mchezaji tuliyembatiza jina la Wakili. Kanuni alizijua kwa moyo, na hakuna iliyompendeza kama ile ya bomu la moto la wachawi. Kwa kanuni za wakati huo moto ule ulijaza futi za ujazo zipatazo 33,000, na ukikosa nafasi ya kutanuka unajisukuma kufuata umbo la mahali. Basi kila mchawi, wetu au wa adui, alipoinua mkono, Wakili alitoa kalamu. Ujia una upana wa futi 10 na kimo cha futi 10? Moto utakimbia futi 330. Nani amesimama wapi? Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kesi, na kesi ikala nusu ya jioni, na mara nyingi hukumu ikawa kwamba tumejiunguza wenyewe.

Msimulizi akavumilia, akavumilia, kisha akamwangushia dari. Juma lililofuata Wakili alirudi na mhusika mpya, mdogo wake marehemu, mchawi vilevile, na swali lake la kwanza lilikuwa dari ile ilijengwa kwa mawe ya uzito gani.

Wakongwe wa mchezo huu mjini pale walikuwa na hadithi waliyopenda kuwasimulia wageni. Mwaka 1969, katika miji hiyohiyo pacha ya Minneapolis na Saint Paul, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya zama za Napoleon, ukitukia katika mji wa kubuni ulioitwa Braunstein. Mbali na makamanda wa majeshi, aliwagawia watu nafasi za mjini kama vile meya, mwenye benki na mkuu wa chuo kikuu. Mpango wake ulikuwa kumsikiliza kila mmoja kwa zamu. Hawakungoja zamu. Walianza kula njama wao kwa wao, wawili wakaitana kwenye pambano la ana kwa ana ambalo Wesely hakuwa na kanuni zake, ikabidi azitunge palepale. Yeye aliona mchezo umemharibikia. Wenzake wakataka mwingine. Mmoja wao alikuwa Dave Arneson, aliyeuendeleza mtindo ule katika mchezo wake wa Blackmoor, na mwaka 1974 Gygax na Arneson wakachapisha Dungeons & Dragons.

Yaani mchezo wenyewe umezaliwa na watu waliokataa kukaa kwenye mstari. Tangu niisikie hadithi hiyo nimekuwa mzito kumwita mtu msumbufu kwa sababu tu amefanya ambalo msimulizi hakulitazamia.

Miaka ya 1990 kero ilibadilika sura. Vampire: The Masquerade ilitoka mwaka 1991, na pamoja nayo ikaenea ladha ya kuigiza moyo wa mhusika, tamaa zake na usaliti wake. Ladha nzuri, siikatai. Lakini iliipa nguvu kauli niliyoichukia kuliko hesabu zote za Wakili: “Mimi sina neno, ndivyo mhusika wangu alivyo.” Mwizi anawaibia wenzake usingizini, ndivyo alivyo. Anamchoma kisu mateka tuliyehangaika jioni nzima kumwokoa, ndivyo alivyo. Kana kwamba mhusika huyo alijizaa mwenyewe! Radi haikuwa na kazi hapo. Ukimuua mwizi wa namna hiyo, mwenyewe anapata kisa kipya cha kujivunia.

Kuna jambo moja la miaka hiyo lisilochekesha hata kidogo. Kwenye meza niliyokuwa nikicheza, mwanamume mmoja hakuacha kumwandama mhusika wa binti pekee aliyekuwa nasi, kwa maneno ambayo uwanjani au ofisini yangemtoa mtu nje. Akikemewa anajibu ni mchezo tu. Jioni moja binti yule alikusanya dadu zake, akavaa koti, akaondoka, hakurudi. Mwanamume yule aliendelea kuja.

Vitabu vilichelewa kufika hapo. Glenn Blacow alikuwa ameandika tangu 1980 kwamba wachezaji hawatafuti kitu kimoja, na Robin Laws akalipanua wazo hilo mwaka 2002 katika kijitabu chake cha kuwafunda wasimulizi: wapo waliokuja kupigana, wapo waliokuja kuigiza, wapo waliokuja kukaa na marafiki tu. Mwaka uliofuata Ron Edwards akaeleza habari ya mistari na mapazia. Mstari ni jambo ambalo meza hailigusi kabisa, pazia ni jambo linalotokea lakini halisimuliwi. Kisha ikaja kadi ya X ya John Stavropoulos, kadi inayowekwa katikati ya meza ili yeyote aiguse na kilichosemwa kiondolewe bila maswali. Mwaka 2020 D&D yenyewe, katika Tasha’s Cauldron of Everything, ikawashauri watu wafanye kikao cha sifuri, kikao cha kuelewana kabla hata dadu haijarushwa.

Rafiki zangu wa rika langu huvicheka vitu hivi. Mimi sivicheki, kwa sababu nilimwona binti yule akivaa koti. Ila kadi si askari. Inamkinga mtu na jeraha la ghafla. Haimwambii lolote mchelewaji, mbishi, wala anayechezea simu zamu za wenzake. Kwa hao bado unahitaji mdomo.

Siku hizi naendesha meza ya vijana katika viunga vya Minneapolis, wengi wao watoto wa Wakenya na Watanzania. Kikao cha sifuri tulikifanya, wakakubaliana kila kitu kwa kishindo. Haukupita muda, kijana mmoja akawauza wenzake kwa zimwi kwa mfuko wa dhahabu. Meza ikalipuka. “Anko, muue! Muue sasa hivi!” Nikatangaza mapumziko, nikamwita nje ukumbini.

“Unachoshwa na nini?” nikamuuliza.

“Anko, wanaongea na muuza duka saa nzima. Mimi nataka tupigane.”

“Mbona hukusema?”

“Wangenicheka.”

Tukakubaliana: kila kikao kitakuwa na pambano kabla ya mapumziko, naye hatawagusa wenzake. Wengine nikawaambia tu kwamba sokoni tutapita upesi. Bado ana ukorofi wake, lakini sasa anaumalizia kwa mazimwi.

Si kila mtu hunyooka hivyo. Wapo walioitwa pembeni mara ya kwanza na ya pili wakabaki walivyokuwa, nao hawana budi kuondoka. Ninachopinga ni namna niliyoiona hapa mara nyingi, ya kumdanganya mtu kuwa mchezo umekwisha, kisha meza ikahamia nyumba nyingine bila yeye. Watu huuona huo ni upole. Mimi nauona ni ukatili kuliko radi ya Gygax, maana aliyepigwa na radi alijua amekosa, na juma lililofuata alikuwa na kiti. Kwa hiyo wewe unayeanzisha meza yako, Nairobi, Dar es Salaam au popote, ukifika mahali pa kumwondoa mtu, mwambie mwenyewe, mkiwa wawili, na umtajie sababu.