Tukutane Akaivu

Nilipomwambia mama kwamba ninakwenda Nairobi, hakuniagiza kitu cha dukani. Alisema, "Kamtafute baba yangu kwenye zile karatasi zao." Kisha akarudi kwenye cherehani yake, akashona kama mtu aliyemtuma mtoto chumvi kwa jirani.

Habari za babu mzaa mama tumezisikia tangu utotoni, kule milimani Taita. Alikuwa kijana mwaka 1939 ilipoanzishwa Taita Hills Association, chama cha watu waliochoshwa na kupokonywa ardhi na kuambiwa wahame milimani wakalime kwingine. Chama hakikufika mbali. Mei 1940, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association. Viongozi wakakamatwa, wakapelekwa Kapenguria. Babu hakuwa kiongozi. Alilipa ada yake, akaitwa bomani, akaulizwa maswali, jina lake likaandikwa kwenye kitabu kikubwa, akaachiwa aende. Hadi siku anakufa aliamini kitabu kile kipo mahali fulani na jina lake limo. Mama naye ameirithi imani hiyo pamoja na shamba.

Nilipanda treni Voi, ile ya asubuhi inayosimama kila kituo. Sina mengi ya kusimulia kuhusu njia. Niliona tembo wawili wekundu kwa vumbi la Tsavo, nikamwona na mtoto akiwalilia wasiachwe nyuma. Mtito Andei, Kibwezi, Emali. Saa nane mchana tukashuka Syokimau, nikabadilisha treni kwenda mjini, nikalala kwa binamu yangu South B. Alicheka alipoambiwa shughuli iliyonileta. "Umetoka Voi kuja Akaivu? Kule si mahali pa kwenda, dada. Ni mahali pa kungojea watu."

Hakukosea. Asiyeijua Nairobi nimweleze: mtu wa mji huu hakupi miadi kwa jina la barabara. Anakwambia Kencom, anakwambia Ambassadeur, na mara nyingi kuliko zote anakwambia Akaivu, yaani mbele ya jengo la Nyaraka za Taifa. Kwa Kiswahili cha redioni pangeitwa makavazi, neno ambalo Kenya tunalitumia kwa nyaraka na kwa makumbusho pia. Wenzetu wa Tanzania hututania kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Nilipokwisha kuingia ndani niliona kwamba, kwa jengo hili walau, mchanganyiko huo ni sahihi kabisa.

Asubuhi nilitembea kwa miguu kutoka upande wa stesheni ya zamani, nikaipanda Moi Avenue. Unapita bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale uliposimama ubalozi wa Marekani hadi ulipolipuliwa mwaka 1998, kisha maduka ya viatu, wauza miwani, vijana wa kugawa karatasi za waganga. Halafu unaliona: jengo la mawe lenye nguzo nene, mali ya benki enzi za mkoloni. Fedha zilitoka, karatasi zikaingia. Mkabala nalo amesimama Tom Mboya wa shaba, na chini yake ndege heroe. Sanamu hiyo ilizinduliwa Oktoba 2011. Mboya mwenyewe, aliyekuwa waziri, alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 akitoka kwenye duka la dawa barabara hii hii, ilipokuwa ikiitwa Government Road, hatua chache tu kutoka hapo.

Mbele ya jengo palikuwa na watu wasiopungua mia, na wote walikuwa wakingoja. Msichana akitazama simu, mzee na bahasha ya kaki, mhubiri na kipaza sauti chake, wapiga soga wa siasa. Hata mimi, nilipokuwa mwanafunzi, nimesimama pale mara nyingi mno, na kuna mtu mmoja aliyenisimamisha saa tatu nzima asitokee. Saa tatu! Mlango ulikuwa nyuma ya mgongo wangu, wala haikunijia hata mara moja kugeuka na kuusukuma.

Safari hii niliusukuma. Makelele ya matatu yakakatika kama redio iliyozimwa.

Ghorofa ya chini si karatasi. Ni vinyago vya Afrika Magharibi, misalaba ya Ethiopia, ngoma, vigoda, mikuki na ngao, vitambaa vilivyofumwa kwa subira isiyo ya siku hizi, picha za kuchora na picha za kamera. Nilitegemea meza ya karani, nikakuta Afrika nzima imekusanywa chini ya dari la benki. Mkusanyaji ni mtu mmoja, Joseph Murumbi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana nilikaa naye kuliko nilivyokusudia.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, mama yake Mmaasai, baba yake Mgoa. Alisomeshwa India, akarudi, akafanya kazi Somalia miaka ya vita na baada yake. Wakoloni walipotangaza hali ya hatari na kuwatia ndani wakubwa wa Kenya African Union, yeye ndiye aliyeshika ukatibu wa chama, kisha akaenda Uingereza na kukaa uhamishoni karibu miaka 10. London ndiko alikokutana na Sheila, mke wake, mkutubi kwa kazi yake, na ndiko ugonjwa wa kununua vitabu na sanaa ulipokomaa. Baada ya uhuru akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1966 akawa makamu wa pili wa rais. Hakumaliza hata mwaka. Alijiuzulu, akaachana na siasa, akarudi kwenye vitu vyake. Mwaka 1972, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, akafungua African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa uliofanya kazi ya mafundi wa bara hili ithaminiwe na hao hao waliokuwa wakiipita barabarani.

Mawaziri wengine wa zama zile walikusanya mashamba. Sisemi kwa uchungu, nasema kwa kuwa tofauti yenyewe ipo pale kwenye kabati la kioo, unaweza kuitazama. Katika mkusanyo wake vimo vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Walikuwapo wanunuzi wa nje waliovitaka. Mwaka 1976 yeye akaiuzia serikali ya Kenya, vitabu, nyaraka na hata nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini kwamba nyumba hiyo itageuzwa taasisi ya kusomea mambo ya Afrika. Vitabu vilihifadhiwa. Nyumba ilibomolewa.

Nilisimama mbele ya kigoda kimoja cha miguu mitatu, kimekaliwa hadi kikang'aa katikati. Kijana wa chuo aliyekuwa karibu nami akaniuliza kama nasubiri mtu. Tabia ya nje imeingia mpaka ndani! Nikamwambia ndiyo, namsubiri babu yangu.

Chumba cha kusomea ni ulimwengu mwingine. Hapa hakuna vinyago, kuna meza, feni, na watu walioinamia mafaili kama wanaookota mchele. Idara hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1965, miaka miwili baada ya bendera kupandishwa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukusanya yale yaliyobaki katika ofisi za wakuu wa wilaya na wa mikoa. Utaratibu ni rahisi ukishauelewa: unatafuta namba kwenye orodha, unaiandika kwenye kikaratasi, unangoja, faili linaletwa. Shida ni kwamba orodha haikujui wewe. Haiandiki "babu." Inaandika DC/TTA, yaani mkuu wa wilaya, Taita, au PC/COAST, mkuu wa mkoa wa Pwani, kisha msururu wa namba na mikwaju. Lazima ujifunze kufikiri kama mkuu wa wilaya wa mwaka 1940: je, angemweka mtu kama babu wapi? Chini ya kodi? Chini ya ardhi? Chini ya usalama?

Karani aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Nilimwamkia, nikamweleza. Akatikisa kichwa kidogo, si kwa kukataa. "Usianze na jina, mwanangu. Anza na mahali. Ukipata mahali na mwaka, jina likiwapo litajitokeza lenyewe."

Nikaanza na mahali. Faili la kwanza lilikuwa na harufu ya kabati la nyanya yangu. Ndani yake mna mvua, njaa, kodi, kesi za mbuzi, daraja lililochukuliwa na maji. Milima yetu imo, vijiji vimo kwa tahajia za ajabu ambazo ilinibidi nizisome kwa sauti ndipo nivitambue. Nilisoma kwa saa nne na jina la babu sikuliona. Wazee wa milimani husemwa kwa wingi: "wenyeji wanalalamika," "wenyeji wametulia." Babu yumo katika neno "wenyeji," kama ninavyomjua, na nina hakika alikuwa upande wa waliolalamika.

Karibu yangu aliketi mzee mmoja mwenye miwani minene, mzoefu wa chumba kile kwa jinsi makarani walivyomsalimu. Wakati wa kunyoosha mgongo akaniuliza natafuta nini, nami nikamwambia. Akanihesabia kwa vidole njia ambazo karatasi hupotelea. Mwaka 1939 moto uliteketeza jengo la sekretarieti hapa Nairobi na nyaraka nyingi zikaondoka na moshi. Uhuru ulipokaribia, wakoloni walichoma nyingine kwa makusudi, na nyingine wakazipakia wakaenda nazo. Hizo walizoenda nazo serikali ya Uingereza ilizikalia kimya karibu nusu karne, hadi wazee wa Mau Mau walipoishtaki London, na mwaka 2011 ikabidi ikiri kwamba mafaili yapatayo 1,500 ya Kenya yako Hanslope Park, kule kule Uingereza. Miaka miwili baadaye ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. "Kwa hiyo karatasi si mchezo," akasema mzee. "Karatasi imewalipa watu." Akaongeza, akicheka, kwamba ripoti za wilaya zetu zilipigwa picha kwenye mikrofilamu, nakala zikapelekwa chuo kikuu cha Syracuse, Marekani, ili mwanafunzi wa huko aisome Taita bila kulowana na mvua yake.

Kisha akaniuliza kama babu alikuwa na kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika miaka 16 alilazimishwa kukibeba kuanzia miaka ya 1920 mwanzoni: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na ujira wake, imekunjwa ndani ya kijaluba cha bati kinachoning'inizwa shingoni. Mzee akachukua penseli akanichorea kwenye ukingo wa daftari langu: kikasha bapa, kifuniko, tundu la kamba. Nilikitazama kile kichoro muda mrefu, nikihisi nimekiona mahali, nisikumbuke wapi.

Alasiri nilipanda matatu hadi City Park. Murumbi alifariki mwaka 1990 na akazikwa pale, karibu na rafiki yake, mwanasiasa Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Kaburi lina bustani ndogo ya sanamu, ikiwamo kazi ya Elkana Ong'esa, yule mchongaji wa mawe wa Kisii. Nyani walikuwa wameketi juu ya ukuta wakimenya ndizi walizopewa na watoto. Sikukaa sana. Mvua ilianza, nami sikuwa na mwavuli.

Nikampigia mama simu nikiwa nimejikinga chini ya mti. Nikamwambia hayumo.

"Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia vizuri, mama. Lakini kuna mengine sijayafikia. Nimeandika namba zake."

Akanyamaza. Nikamweleza kichoro cha yule mzee, kijaluba cha bati chenye tundu la kamba, nikamwuliza kama babu alikuwa nacho. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Si hiki cha sindano?"

Ndicho. Miaka yote ile, mkono wa kulia wa cherehani, kikasha cheusi chenye kutu pembeni, ambacho sisi watoto tulichapwa kwa kukichezea. Karatasi iliyokuwa ndani haipo. Mama hakumbuki kuiona hata alipokuwa mdogo. Lakini kamba ilikuwapo, anasema, aliikata yeye mwenyewe.

Agosti ninarudi Akaivu na namba zangu tano za mafaili. Kijaluba nitakwenda nacho nikawaulize wale wa ghorofa ya chini kama wana nafasi. Mama amekubali. Sindano zimehamia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka.