Kabla Ununue Waya Mwingine

Kuna kazi huwezi kufanya kwa kubahatisha: kuhamisha kanda za VHS za watu hapa Skuta. Kanda ya saa mbili huchukua saa mbili, na ikiwa imechakaa, kuirudia ni kuihatarisha. Sasa kifaa cha USB cha kunasa video kikikatika katikati ndani ya kompyuta pepe, wengi hulaumu waya. Mara nyingi si waya, bana.

Ukipitisha kifaa kimoja pekee, Proxmox bado iko katikati. Mimi napitisha kidhibiti chote cha USB. Washa VT-d, ama AMD-Vi kama mashine ni ya AMD, kwenye BIOS, halafu uangalie makundi ya IOMMU. Kidhibiti kikiwa kundi moja na kadi ya mtandao, wachana nacho: kundi huhama lote, seva ibaki bila mtandao. Hata kibodi iliyochomekwa hapo huenda.

Hapo tafuta kadi ya USB ya PCIe. Ikiangukia kundi baya, ihamishe nafasi nyingine kabla umrudishie muuzaji. Pesa ya kadi utaitafuta tena. Harusi ya shosho hairekodiwi mara ya pili.