Machozi Niliyoyahamisha

Ninaungama kwamba katika filamu yangu fupi kuhusu wakulima wa miwa wa Muhoroni nilidanganya, na nilidanganya nikijua. Mzee mmoja alilia mbele ya kamera yangu kwa ajili ya marehemu mkewe. Mimi nikayachukua machozi yale nikayaweka mahali pengine katika filamu, ionekane kwamba analilia malipo ya miwa yake. Ikaonyeshwa hivyo katika tamasha dogo mjini Kisumu, watu wakapiga makofi, nami nikayapokea.

Anayeijua Muhoroni anajua kwamba habari hii haikuhitaji kutiwa chumvi. Reli ilipita hapa ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1922 kiwanda cha Miwani, cha kwanza cha sukari nchini Kenya, kikaanza, na tangu hapo bonde la Nyando, ilipo Muhoroni, limeishi kwa miwa. Kufikia 2001 viwanda vya Miwani na Muhoroni vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni. Mkulima hungoja karibu mwaka mmoja na nusu miwa ikomae. Ikishakatwa hawezi kuiweka ghalani kama mahindi akisubiri bei nzuri, kwa maana sukari yake hupungua kila siku inayopita. Hivyo huipeleka kiwandani hata kama mavuno yaliyotangulia hajalipwa. Mzee niliyemrekodi alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, na deni lake lilikuwa la kweli. Kiwanda alichokidai sikitaji hapa, kwa sababu kosa ninalolieleza ni langu mimi.

Nilimkalisha chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake. Asubuhi tulizungumza habari za miwa. Akaniletea kopo la mafuta ya kupikia ya Kimbo alimohifadhi risiti za mizani, akazipanga juu ya stuli moja baada ya nyingine, kila moja na tani zake, akizisoma kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakukasirika, hakulia. Mchana tukamzungumzia mkewe, ambaye walikuwa wamemzika muda si mrefu. Alikwenda ndani akarudi na programu ya mazishi, ile yenye picha ya marehemu kwenye jalada, akaishika kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia.

Kwenye kompyuta ya kuhariria nikaona risiti zinachosha. Nilikuwa nimesikia majaji wa matamasha wanataka kitu cha kuwagusa moyo. Nikachukua sauti yangu nikiuliza, "Na malipo, Mzee?" nikaifuatisha na kile kilio cha mchana. Kwa kuwa jua lilikuwa limehama, nikarekebisha rangi mpaka kivuli cha mwembe kikafanana. Jogoo alikuwa amewika katikati ya maneno, nikamwondoa. Penye kiungo nikafunika kwa picha ya moshi wa bomba la kiwanda. Ikabaki programu ya mazishi mikononi mwa Mzee. Nikaikuza picha mpaka mikono yake ikatoka nje ya fremu, ukabaki uso peke yake.

Ninazitaja hatua hizi moja moja ili nisijifiche nyuma ya neno "makosa ya uhariri". Mtu anaweza kukosea akabonyeza kitufe kisicho sahihi. Hawezi kukosea akafuta mikono ya mgane.

Siku ya tamasha tulikuwa kwenye ukumbi wa jumuiya, viti vya plastiki, mapazia meusi yamebanwa kwa pini ili mwanga usiingie. Filamu yangu ilikuwa kati ya nyingine fupi za vijana wa kanda ya ziwa. Machozi yale yalipotokea kwenye skrini, ukumbi wote ulinyamaza. Kwenye kipindi cha maswali kijana mmoja alishika maikrofoni akaniuliza nilifanya nini hadi Mzee akafunguka kiasi kile mbele ya kamera. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa ile. Nikajibu kwamba siri ni subira, na kwamba ukimheshimu mtu atakufungulia moyo. Uongo wa kwanza niliufanya peke yangu chumbani. Huu wa pili niliusema hadharani, nikautia jina la heshima.

Baada ya watu kutoka, mwanamke mmoja alinisubiri mlangoni. Alikuwa binti wa Mzee, anayefanya kazi hapo Kisumu, nami sikujua kwamba amekuja. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Kaka, baba alikuwa anamlilia mama. Ulikuwepo. Programu aliyoishika niliichapisha mimi." Sikuwa na jibu, nikamwomba radhi. Akasema radhi nikamwombe baba yake.

Nilirudi Muhoroni nikamwonyesha Mzee filamu kwenye kompyuta, jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Aliitazama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Pesa nawadai, hilo ni kweli. Lakini sasa watu wameniona nikililia tani za miwa, na mke wangu hawajaona nikimlilia." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kwa maneno hayo sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nimemtetea, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya maombolezo yake.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya filamu ya *Darwin's Nightmare* ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyopigwa Mwanza, Tanzania, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazowasafirisha. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2006, na mwaka huohuo Kikwete, aliyekuwa Rais wa Tanzania, akaikosoa hadharani na watu wa Mwanza wakaandamana kuipinga. Sisi vijana wa upande huu wa ziwa tulipoijadili, mimi nilikuwa msemaji mkubwa. Nilisema wageni wanakuja kutuchukua sura wanakwenda kuziuza kwao. Niliamini kwamba mtoto wa nyumbani hawezi kufanya hivyo. Nimejifunza kwamba kuzaliwa Muhoroni na kuijua lugha ya Mzee hakukunizuia chochote. Kulinirahisishia tu kupata kiti chini ya mwembe wake.

Uhariri una nguvu hii tangu zamani. Karne moja iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alifundisha kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukiunganishwa na bakuli la supu, mtazamaji huona njaa, na ukiunganishwa na jeneza huona huzuni. Somo hilo nililipenda mno. Nilichokipuuza ni kwamba kazi ya mwigizaji ni kuazimwa sura, na Mzee hakuwa mwigizaji. Alinipa sura yake kwa ajili ya jambo moja, nikaitumia kwa jingine.

Na kuna hasara nyingine iliyo kubwa kuliko aibu yangu. Madai ya wakulima wa miwa ni ya haki. Mtu anayetaka kuyapinga sasa angeweza kuinyooshea kidole filamu yangu na kusema, "Tazameni, hata machozi ni ya kubuni," na risiti zote za kwenye kopo zikatiwa shaka pamoja nayo. Uongo mdogo ndani ya kweli kubwa humfungulia mdaiwa mlango wa kutorokea.

Niliwaandikia waandaaji wa tamasha nikawaeleza nilichofanya, nikairudisha zawadi niliyopewa na kuiondoa filamu kila nilikokuwa nimeituma. Kisha nikakaa na Mzee na binti yake tukaamua pamoja. Toleo jipya halina kilio. Lina mikono ya Mzee ikipanga risiti juu ya stuli, tani kwa tani, bila muziki, na jogoo nimemrudisha. Kipande cha maombolezo nimekikabidhi kwa familia kikiwa kizima, na programu ya mazishi inaonekana.

Wenzangu mnaotengeneza filamu, najua tunavyotafuta leseni, kamera za kukodi na nauli ya kufika kwenye matamasha, na najua hamu ya kusikia ukumbi ukinyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaja ridhaa ya mtu kuwa mojawapo ya misingi ya kutumia habari zake, na wengi wetu tuna fomu zilizosainiwa. Hata mimi nilikuwa nayo. Mzee alisaini kurekodiwa, hakusaini kugeuzwa. Kwa hiyo, kabla filamu haijafika kwa majaji, mwonyesheni mwenye uso. Akisema haikuwa hivyo, muulizeni ilikuwaje, kisha rudini mkahariri upya, hata kama tamasha ni kesho.